Gesi za kila siku: namna ya kuzitambua kwa uzito na kwa harufu

Mwanafunzi anaweza kuandika kwenye mtihani kwamba kabonimonoksaidi ni gesi isiyo na rangi wala harufu, akapata alama zote, kisha jioni hiyohiyo mvua ikinyesha akasaidia kuingiza jiko la mkaa ndani ya chumba wanamolala wadogo zake. Somo la darasani na jiko la nyumbani havijakutana. Makala haya yanajaribu kuvikutanisha. Yameandikwa kwa wanafunzi wa madarasa ya juu ya msingi na wa sekondari, wakimbizi na wenyeji, lakini mzazi ambaye hakusoma sayansi anaweza kuyafuata pia.

Kwanza, jambo dogo kuhusu majina. Aliyeanza shule Kongo au Burundi amezoea majina ya Kifaransa, aliyesoma Kenya au Uganda amezoea ya Kiingereza, na vitabu vya Kiswahili navyo vina tahajia zao tofauti. Usihangaike sana na jina. Shika alama, kwa sababu alama ni ileile kila mahali: O2 ni oksijeni, N2 ni nitrojeni, CO2 ni kabonidayoksaidi, ambayo redioni huitwa hewa ukaa, na CO ni kabonimonoksaidi. Angalia hizo mbili za mwisho kwa makini. Tofauti yake kwenye karatasi ni namba 2 tu, lakini moja unaitoa kila unapopumua, na nyingine inaweza kuua familia nzima usiku mmoja.

Namba ya kukumbuka ni 29

Mwaka 1811 Amedeo Avogadro, mwanasayansi wa Italia, alitoa wazo ambalo bado tunalitumia: ujazo sawa wa gesi zozote mbili, kama joto na kanieneo (shinikizo) ni sawa, huwa na idadi sawa ya molekuli. Kwa hiyo ukitaka kujua gesi ipi ni nzito kuliko nyingine, huhitaji mizani. Linganisha uzito wa molekuli moja na nyingine.

Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha. Haidrojeni (H) ni 1, kaboni (C) 12, nitrojeni (N) 14, oksijeni (O) 16. Hewa tunayovuta ni mchanganyiko: kwa ujazo wake, asilimia 78 ni nitrojeni, asilimia 21 ni oksijeni, karibu asilimia 1 ni agoni, na hewa ukaa ni kama asilimia 0.04 tu. N2 ina uzito wa 28, O2 ina 32, na wastani wa hewa yote ni karibu 29. Hiyo ndiyo namba ya kukumbuka.

Gesi iliyo chini sana ya 29 hupanda: haidrojeni (2), heliamu (4), methani (16), amonia (17). Gesi iliyo juu ya 29 hushuka na kukaa chini kama maji yanavyofuata bonde: hewa ukaa (44), propani (44) na butani (58) za mtungi wa kupikia, na klorini (71).

Walimu wengi huishia hapo, na ndipo wanafunzi wanapochanganyikiwa. Kuna mambo mawili ya kuongeza. La kwanza, gesi yenye moto hupanda hata kama ni nzito, ndiyo maana moshi huenda juu. La pili, kanuni hii inahusu gesi inayotoka mahali pamoja kwa wingi. Ikishachanganyika vizuri na hewa ya chumba haijitengi tena. Hewa ukaa unayoitoa puani haiendi kulala sakafuni.

Oksijeni na nitrojeni

Oksijeni yenyewe haiwaki, ila inafanya vitu vingine viwake kwa nguvu. Jaribio lake la maabara ni kijiti kilichozimwa ambacho bado kina kaa jekundu: kikiingizwa kwenye oksijeni kinalipuka mwali tena. Kwa sababu hiyohiyo, kwenye kituo cha afya ambako mgonjwa anawekewa oksijeni hakuna kuwasha kiberiti wala sigara, na koki ya mtungi wa oksijeni haipakwi mafuta wala grisi.

Nitrojeni ni mpole. Haina harufu, haiwaki, na huzima kijiti. Ingawa ni sehemu kubwa ya hewa, mimea mingi haiwezi kuitumia ikiwa gesi. Maharage, karanga na kunde wana njia yao: bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi hukamata nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Ng'oa mche wa maharage taratibu ukaone vinundu hivyo. Kimoja ukikikata na ndani yake kikawa na rangi ya waridi, bakteria wako kazini.

Hewa ukaa na mazuku

Hewa ukaa haina rangi, na kwa kiasi kidogo huwezi kuihisi. Lakini unaweza kuona kazi yake kwa vitu vya jikoni, mkubwa akiwa karibu. Weka vijiko viwili vya magadi yaliyosagwa kwenye jagi refu, kamulia malimau mawili au matatu, na acha povu litulie. Washa mshumaa mfupi ndani ya kikombe. Sasa inamisha jagi juu ya kikombe kana kwamba unamimina maji, lakini usiruhusu maji yenyewe yatoke. Mshumaa utazimika. Umemimina gesi usiyoiona, nayo imeshuka ikasukuma oksijeni pembeni. Ukitaka kuthibitisha kwamba ni CO2, ipitishe kwenye maji ya chokaa yaliyochujwa: yatageuka meupe kama maziwa.

Waliotoka Goma wanaijua gesi hii kwa jina jingine. Kaskazini mwa Ziwa Kivu, hasa upande wa magharibi mwa Goma kuelekea Sake, hewa ukaa ya volkeno hutoka ardhini na kujikusanya kwenye mashimo na mabonde madogo. Wenyeji huita mahali hapo mazuku, na leo wataalamu wa volkeno wa mataifa mengine hutumia neno hilohilo katika maandishi yao. Asubuhi kukiwa hakuna upepo, shimo la mazuku linaweza kujaa kama beseni. Mtu mzima akisimama, kichwa chake huenda kiko juu ya gesi. Mtoto, mbuzi au mbwa aliye karibu naye yuko ndani yake. Hewa yenye zaidi ya asilimia 10 ya CO2 inaweza kumpoteza mtu fahamu kwa dakika chache, na kwenye mazuku kiwango hupita hapo. Kwa hiyo wanyama wadogo waliokufa shimoni bila jeraha si uchawi wala sumu ya jirani. Ni ishara ya kutokushuka hapo.

Ziwa Kivu lenyewe limebeba gesi nyingi: inakadiriwa kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani, zikiwa zimeyeyuka kwenye maji ya kina kirefu na kushikiliwa na uzito wa maji yaliyo juu yake, kama soda inavyoshikilia gesi yake hadi ufungue kifuniko. Nchini Kamerun, Ziwa Nyos, ambalo ni dogo mno kuliko Kivu, lilifunguka hivyo usiku wa tarehe 21 Agosti 1986. Hewa ukaa ilitoka ziwani, ikafuata mabonde, na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao, wengine wakiwa kilomita nyingi kutoka ziwani. Upande wa Rwanda, methani ya Kivu sasa hutolewa na kuchomwa ili kuzalisha umeme. Mtambo wa KivuWatt, karibu na mji wa Karongi, una uwezo wa megawati 26.

Huku makambini hatuna volkeno, lakini tuna mashimo. Kisima kilichoachwa, shimo la choo lililojaa, tangi la maji machafu: humo hewa ukaa hukaa chini, methani hutengenezwa na uchafu unaooza, na mara nyingi huwemo pia haidrojeni salfaidi (H2S, uzito 34), ile yenye harufu ya yai viza. Hiyo ya mwisho ni ya hila. Ikiwa nyingi hufisha uwezo wa pua kunusa, hivyo mtu hudhani harufu imekwisha na kumbe gesi imezidi.

Ajali za mashimoni zina mtindo mmoja unaosikitisha. Wa kwanza anashuka na kuanguka, wa pili anashuka kumwokoa, kisha wa tatu. Anayeanguka shimoni havutwi na mtu anayemfuata. Anavutwa kwa kamba aliyofungwa kabla ya kushuka, na kama hakufungwa, walio juu waite msaada na wasishuke. Wengine wana desturi ya kushusha mshumaa ili kupima kama kuna hewa. Kwenye shimo la choo usifanye hivyo, kwa sababu methani hulipuka.

Mtungi wa gesi na kazi ya pua

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, uliobanwa hadi ukawa kimiminika ndani ya mtungi. Yote mawili ni mazito kuliko hewa, butani karibu mara mbili. Ikivuja hutambaa sakafuni, hujaa chini ya kitanda, huingia kwenye mtaro, na hukaa hapo ikisubiri cheche. Kwa hiyo ukisikia harufu ya gesi, dirisha dogo la juu halitakusaidia sana. Funga koki, fungua milango wazi kabisa, toa watu nje, na acha hewa ipite chini. Usiwashe wala kuzima taa, usichomeke wala kuchomoa chaja, maana swichi yoyote inaweza kutoa cheche. Simu piga ukiwa nje.

Kuvuja kidogo hupimwa kwa povu la sabuni: lipake kwenye mpira na maungio, na mahali patakapotoa mapovu ndipo panapovuja. Kupima kwa kiberiti ni kutafuta msiba. Mtungi husimamishwa wima wakati wote, haulazwi, hata kama gesi inakaribia kwisha na chakula hakijaiva.

Harufu yenyewe, ile kama ya kabichi iliyooza, si ya gesi. Propani na butani hazina harufu. Viwandani huongezwa kemikali kidogo yenye harufu kali ili pua ikuonye, na sababu ya kufanya hivyo inahusu shule. Tarehe 18 Machi 1937, kwenye mji wa New London, Texas, Marekani, shule moja ilikuwa ikitumia gesi asilia isiyotiwa harufu. Gesi asilia ni methani kwa sehemu kubwa, na ilivuja na kujaa kwenye nafasi iliyo chini ya jengo bila mtu yeyote kujua. Alasiri, mwalimu wa ufundi aliwasha mashine ya kusugulia mbao. Cheche ya swichi ilitosha. Watu wapatao 295 walikufa, wengi wao wanafunzi. Baada ya msiba huo Texas ilipitisha sheria ya kutia harufu kwenye gesi, na wengine wakafuata. Kila mara unapokunja pua karibu na mtungi, unanusa matokeo ya siku ile.

Biogesi, ile ya samadi ya ng'ombe, ni methani iliyochanganyika na hewa ukaa. Methani ni nyepesi, hivyo katika nyumba hukimbilia juu, chini ya paa. Hapo matundu ya juu ndiyo yanayofaa. Gesi mbili za kupikia, na njia zake za kutoka ni kinyume.

Amonia na klorini

Amonia unaijua hata kama hukuijua jina: ndiyo inayochoma pua kwenye banda la kuku na kwenye choo kilichojaa mkojo. Hugeuza karatasi nyekundu ya litimasi kuwa ya buluu.

Klorini ni ya kijani-manjano, ina harufu kali, na ni nzito karibu mara mbili na nusu ya hewa. Kwenye maji ya bomba tunayochota huwekwa kwa kiasi kidogo mno, cha kuua vijidudu. Harufu unayoisikia kidogo kwenye ndoo ni dalili kwamba dawa bado ipo, si dalili ya sumu. Hatari iko kwenye dawa za usafi zenye nguvu. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini ikichanganywa na siki, maji ya limau au asidi ya kusafishia choo, gesi ya klorini hutoka papo hapo. Ikikutana na amonia hutoka gesi nyingine zinazochoma mapafu. Wako wanaochanganya dawa mbili wakiamini choo kitatakata mara mbili. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, ndipo utumie nyingine ukitaka.

Gesi isiyosaidiwa na pua wala uzito

Mpaka hapa tumetumia silaha mbili, uzito na harufu. Kabonimonoksaidi inazishinda zote mbili. Kaboni 12 na oksijeni 16 ni 28, karibu sawa kabisa na hewa. Haipandi darini, haishuki sakafuni, inaenea chumba kizima. Aliyelala kitandani na aliyelala mkekani wanaivuta sawasawa. Harufu haina, na hakuna anayeitia harufu kwa sababu haitoki kiwandani. Tunaitengeneza wenyewe.

Mkaa (makala, kama wasemavyo ndugu zetu wa Kongo, na si makala haya unayosoma) ni kaboni. Ukipata hewa ya kutosha huungua na kutoa CO2. Lakini ndani ya jiko, hewa ukaa inayotoka chini hupita katikati ya makaa mekundu, hukutana na kaboni nyingine, na kugeuka CO: CO2 + C → 2CO. Ule mwali mdogo wa buluu unaouona ukicheza juu ya mkaa ndio CO yenyewe ikiungua. Mwali ukizimika na makaa yakaanza kufunikwa na majivu, CO haiungui tena. Inatoka kama ilivyo. Ndiyo maana jiko ambalo kila mtu analiona salama, lisilo na moshi, lililobaki na makaa mekundu tu, ndilo linaloingizwa ndani kupasha chumba joto, na ndilo linaloua. Moshi ungewaamsha. CO haiwaamshi.

Ikifika kwenye damu, CO hushikamana na himoglobini, ile inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inaendelea kuzunguka ila haina kitu cha kubeba. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Mtu yeyote katika ukanda wetu akisikia dalili hizo huwaza malaria, humeza dawa na kurudi kulala katika chumba kilekile. Tazama tofauti. Homa haipo. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kwa wakati mmoja. Na wakitoka nje wanapata nafuu. Mjamzito yuko hatarini zaidi, kwa sababu mtoto aliye tumboni huathirika vibaya hata kama mama anaonekana ana nafuu.

Beseni la maji karibu na jiko, ambalo baadhi ya watu huliamini, halifanyi kazi, kwa kuwa CO haiyeyuki vizuri kwenye maji. Dirisha lililofunguliwa upana wa kiganja halitoshi kwa jiko linalowaka usiku kucha. Jenereta iliyoingizwa ndani ili isiibwe hutoa gesi hiyohiyo, na kwa wingi zaidi. Kinachofaa ni kupikia nje au barazani, na jiko libaki nje hadi mkaa uzimike kabisa. Kwenye baridi ongeza nguo na blanketi, laleni pamoja, wekeni maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kuizungushia kitambaa. Najua blanketi hazitoshi katika nyumba nyingi. Mwenye watoto wadogo na blanketi moja aende kumweleza kiongozi wa zoni au mhudumu wa afya wa jamii mapema, kabla mvua hazijaanza.

Ukimkuta mtu amelegea kwenye chumba chenye jiko, fungua mlango, vuta pumzi ukiwa nje, ingia umtoe haraka, na usikae humo kumwamsha. Mpeleke kituo cha afya hata akizinduka. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya CO iliyo kwenye damu huchukua kama saa 4 hadi 5 kutoka. Kwa oksijeni ya kituoni huchukua karibu saa 1 na nusu. Mwambie mhudumu maneno haya mwanzoni kabisa, kabla hajaandika kipimo cha malaria: palikuwa na jiko la mkaa ndani, na tulilala watu kadhaa. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni mara nyingi huonyesha namba nzuri hata kwa mtu aliyevuta CO, kwa sababu hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba CO.